Kiswahili cha Godeliva

Mtoni, Temeke
Jumamosi

Kaka Gozbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara na kile kifua kimeachia. Sie hatujambo. Macho ya Mama yanaendelea vizuri tangu upasuaji. Jana kachambua mchele mwenyewe.

Mkeo Godeliva alishakwambia kwenye simu kwamba kashindwa mahojiano ya uraia, na kwamba kosa ni lake. Alipoulizwa kaishi nchini miaka mingapi, woga ulimshika, akajibu kwa Kihaya. Kumbe afisa naye Mhaya. Alicheka, akamsifu kuwa anakisema vizuri kuliko watoto wake mwenyewe, kisha akasema kinachotakiwa ni Kiswahili au Kiingereza. Kihaya hakihesabiki. Arudi akishajifunza.

Hilo neno la watoto lilinichoma, kaka. Mie nililetwa kwa shangazi nina miaka minne, nikabaki na Kiswahili changu cha Temeke. Godeliva katoka Burundi, kalima migomba na Mama kule Muleba miaka kumi na miwili, na sasa wakikaa jikoni kwangu wanacheka mpaka Mama anafuta machozi. Mie nimesimama mlangoni na sufuria, sijui kinachochekesha. Nikiuliza, Mama anapunga mkono tu. Kiswahili chake cha sokoni hakimfikishi. Mama yangu mwenyewe!

Uliniomba nimfundishe mkeo Kiswahili miezi mitatu. Sikumfundisha. Kila akija na daftari lake nilimtuma Buguruni kununua ndizi, au nilisingizia kichwa. Asubuhi ya mahojiano nilimwambia asiogope, yuko tayari. Nilijua hayuko tayari.

Tuliporudi, Mama aliniuliza kwa shida, "Wewe, fundisha yeye?" Sijafungua mdomo, Godeliva akadakia kwa Kihaya. Nilichoelewa ni jina langu tu, na kidole alichojigongea kichwani, kama kusema kizito ni kichwa chake. Mama akanishika mkono, akanishukuru.

Leo nimemwambia Godeliva ukweli. Kaniuliza, "Kwa nini, wifi?" nikasema wivu. Mama naye lazima ajue, ila maneno ya kumwambia sina, nikamwomba Godeliva, anayekisikia Kiswahili kuliko anavyokisema, anitafsirie kesho baada ya misa. Kakubali. Ila kasema hatapunguza hata neno moja.

Wasalimie wenzako kazini. Nikasirikie, una haki, lakini simu usiache kupiga.

Mdogo wako,
Auleria