Jina Lako Chini ya Nyigu wa Uzi

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, jambo ulilonikataza, kwa hiyo niwie radhi mapema. Tena sehemu ya hasira yenyewe ni yako.

Kazi yako ya nyigu imetoka. Imechapishwa huko nje kwa picha nzuri, na nyigu wetu wa kisiwa cha Uzi sasa wana majina rasmi. Unamkumbuka yule mtaalamu mgeni aliyekaa barazani kwetu Mkunazini asubuhi tatu mfululizo, akinywa kahawa na kashata, kisha akaondoka na baadhi ya maboksi yako kwa ahadi ya kuyarudisha? Ndiye aliyeandika. Yule nyigu mdogo mwenye kiuno cha manjano, uliyemtafuta misimu mitatu, kampa jina la mkewe. Huyo mke hajapata kukanyaga Unguja, seuze Uzi. Nimesoma ukurasa kwa ukurasa, kamusi mkononi, mpaka kwenye shukrani. Hoteli imeshukuriwa. Dereva kashukuriwa. Wewe humo.

Nilikuwa darasa la sita ulipoanza kunichukua Uzi. Tulikuwa tukingoja maji yatoke, njia ya mikokoni ionekane, ndipo tuvuke na wavu wako na vichupa vyako. Wenzako wa ofisi ya kilimo walikucheka, mtu mzima na mvi zake anafukuza nyigu. Ukanieleza mimi, mtoto, ulichochoka kuwaeleza wao: kwamba nyigu hawa, wadogo kuliko punje ya mchele, hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wao humla kiwavi huyo kutoka ndani, mkulima akavuna bila kujua nani kamsaidia. Ulifuga viwavi ndani ya vichupa vilivyofunikwa kitambaa, ukasubiri kuona nani atatoka. Kila kilichotoka ulikiandika kwenye daftari: jani gani, kiwavi gani, nyigu gani. Mama alikuwa akilalamika kwamba viwavi wanalishwa kwa wakati kuliko wageni.

Na hukuwahi kuinua wavu kabla ya kupiga hodi. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

"Bi Mwatima, naomba mdudu mmoja shambani kwako."

"Mmoja tu? Chukua wote, na ukimaliza rudi uchukue na kunguru."

Macho yako yalipoanza kupungua, mimi nikawa mwandishi wa lebo zako. Kila nyigu na pini yake, na chini yake kikaratasi kisichozidi ukucha: mahali, tarehe, na aliyemkusanya. Ulinitajia, nami naandika. Tulipofika kwa aliyekusanya ukasema, "Andika Bi Mwatima."

"Na jina lako, Baba?"

"Mimi nlipita tu. Kilicho shambani kwa mtu ni cha mtu."

Nikaandika. Bi Mwatima, Mzee Pandu, Bi Mwatima, Bi Zuwena, shamba kwa shamba, boksi kwa boksi. Nikiwa mdogo niliona hakuna adabu nzuri kama ile duniani. Leo naona ilipitiliza, na nakwambia wazi kwa kuwa huwezi kunikatiza.

Nilimwandikia mtaalamu wako. Kanijibu kwa upole kabisa kwamba jina lako halimo kwenye lebo, na kwamba wao hufuata lebo. Kwa lebo hawezi kulaumiwa, na hilo ndilo linalonichoma. Lakini mtu huyu alikaa kwetu! Alikuona ukimfungulia boksi moja moja, ukimweleza kila nyigu katoka kwenye kiwavi gani, na mimi nikitafsiri mpaka koo likanikauka. Alijua vizuri nani aliyewakusanya. Alipata upenyo, akapenya. Halafu mwisho wa barua hiyohiyo ananiomba nimpelekee daftari lako, maana bila ya hilo hawezi kusema nyigu yupi anakula kiwavi kipi. Jina lako hakuliona, daftari lako kaliona.

Jina la nyigu likishachapishwa ndiyo basi, halirudi nyuma. Nimeuliza. La mkusanyaji linaweza kusahihishwa, ukipatikana ushahidi. Basi wiki iliyopita nimevuka tena kwenda Uzi.

Bi Mwatima kazeeka, lakini masikio yake bado yapo palepale. Nilipomwambia kwamba huko ulimwenguni yeye ndiye anayejulikana kuwakamata wale nyigu, alicheka mpaka kanga ikamwanguka.

"Mimi? Mimi nyigu nkimwona nakimbia."

Nikamweleza yaliyobaki. Akaacha kucheka. Alichambua mboga zake, kisha akaniuliza kama nimekuja na karatasi.

"Andika kwamba nlimpa," akasema. "Na ukishaandika nlimpa, huwezi kuacha kusema nlimpa nani."

Miaka yote ile, Baba, wewe na mimi, na elimu yetu, hatukuliona hilo. Nikaandika, naye akaweka alama ya dole gumba. Mzee Pandu hayupo tena, lakini wanawe wametia saini.

Karatasi hizo nimempelekea mtaalamu. Nimemwambia daftari halitoki nyumbani mpaka sahihisho lichapishwe na jina lako lisomeke. Hajajibu bado. Na asipojibu, daftari litabaki kabatini kwangu na kiwavi atabaki hana mwenyewe.

Yale maboksi aliyoyaacha yapo, nayatia dawa ya mchwa mwenyewe. Katika kazi hii lebo ya mtu haing'olewi. Mwenye neno la kuongeza huweka yake chini ya ile ya kwanza. Nimeshaanza. Chini ya kila nyigu naandika kwa wino usiofutika: Mwenye shamba alitoa, Haji Vuai alikusanya. Jana nimemaliza boksi la pili.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Mwanangu, wacha." Siwachi. Uliusia kaburi lako lisiandikwe kitu, na halikuandikwa, unalala Mwanakwerekwe bila hata herufi moja juu yako. Hilo nimelitii. Kwenye nyigu sitii.

Mungu akulaze pema, Baba.

Ni mimi, binti yako.