Sahihi ya Modesti Kwenye Kitabu cha Wageni

Singe, Babati
14 Juni

Shemeji Teodori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, na kwamba mgongo wa Mama Brayson umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mahindi tumeshavuna. Joyce anakwenda shule vizuri, ila bado anatoa viatu vya baba yake nje kila asubuhi, anasema vipate jua.

Nimekutana na wakili kuhusu kesi ya kifo cha Modesti. Mwenye bustani ya wanyama anashikilia kwamba Modesti aliingia kwa hiari yake, kwa sababu kitabu cha wageni kina mstari unaosema ua wa nyati unatengenezwa na anayeweka sahihi amekubali hatari. Wakili anasema anayefuga mnyama mkali na kuwaita watu waje kumtazama ndiye anayepaswa kuhakikisha ua ni imara. Alicheka kidogo, akasema hajawahi kuona nyati aliyezuiwa na kalamu.

Kisha akanisomea ujumbe wako. Umemwandikia kwamba sahihi ile si ya mdogo wako, kwamba Sadock, karani wa getini, aliighushi baada ya ajali, na kwamba Jumanne unataka jambo hilo lisemwe mbele ya hakimu ili apelekwe polisi.

Habari zimemfikia Sadock. Jana alikuja hapa na mkewe, wakakataa hata kukaa. Mkewe aliniuliza kama mtu aliyemvuta Modesti kutoka chini ya nyati ndiye wa kulipwa jela.

Shemeji, umesema kweli kwamba sahihi si ya Modesti. Ni yangu. Unajua mimi ni katibu wa jumuiya, nimezoea kuandika majina ya wote na kuwawekea sahihi waliosahau miwani. Modesti alikuwa amebaki nje ya geti akinunua karanga, nami nikaandika jina lake chini ya langu. Ule mstari niliusoma. Sikumwambia, maana angetaka turudi nyumbani. Mlikuwa mkimtania kwamba anamwogopa hata beberu, nami nilicheka pamoja nanyi. Siku ile nilitamani sana kumwona nyati kwa karibu. Tulipofika kwenye ua aliniuliza kama pale pana usalama. Nikamwambia upo.

Jumanne nitayasema haya mahakamani. Wakili anaona hayatamwondolea mwenye nyati wajibu wake, ila nitaulizwa mengi. Acha niulizwe. Nakuomba umpigie Sadock kabla ya siku hiyo.

Joyce bado hajui. Nitamwambia mwenyewe Jumapili, tukitoka misani. Anakusalimu sana, pamoja na Mama Brayson na watoto. Ukiona huwezi tena kuniita shemeji, nitaelewa, lakini yeye usiache kumwita mwanao.

Wako katika msiba huu,
Lukresia