Joho la Baba Yenu

Ole, mwezi 12 Shaabani 1353

Shemeji yangu Mjaka,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, na muhogo wa uani tumeanza kuuchimba.

Barua yako imefika. Unataka joho la baba yenu ulivae Idi, kwa kuwa sasa wewe ndiye sheha. Usheha huo wazee walimpa mume wangu, Mbarouk, nduguyo. Wewe ukashika Msahafu mbele ya hakimu, ukaapa kwamba ni mwizi wa karafuu, naye akafia jela.

Siku waliyomchukua aliniambia, "Bi Mwanabaraka, msamehe Mjaka. Tangu utotoni hawezi kukaa nyuma." Mimi bado sijaweza.

Joho silileti. Nililifunikia jeneza lake. Ungekuja mazikoni ungeliona. Sasa liko msikitini, linamfunika kila anayekufa hapa, tajiri na maskini.

Mama mkwe alinihadithia kwamba mvua ikinyesha baba yenu alikuwa akikufunikeni nalo nyote wawili, nawe ukilivutia upande wako.

Usitume askari, shemeji. Siku yako ikifika litakufunika, wala mimi sitalivuta.

Ni mimi, mke wa Mbarouk,
Mwanabaraka binti Safari