Nataka Kuolewa na Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka cheka, ila nisome mpaka mwisho.

Naishi nchi ya watu, napiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, na mwanamume ninayeishi naye ni fundi wa lifti, tunatoka nchi moja ila tulikutana huku, lifti ya mizigo ilipokwama na mimi nimo ndani na toroli la mashuka. Miaka minne iliyopita mama alisikia nakaa na mwanamume, akanipigia akasema, "Uolewe kabla mwezi haujaisha, la sivyo usinipigie tena," na mama yangu hana mzaha, basi wiki hiyohiyo likaletwa gauni la bibi harusi, mgeni wa hoteli, nikalinyoosha, nikalitazama, shetani naye akanitazama, nikalivaa. Fundi akaazima koti la mhudumu wa mezani, tukasimama kwenye ngazi za mbele, mwenzangu wa kazini akatupiga picha, baada ya dakika kumi gauni limerudi kwenye hanga. Nilituma picha bila neno lolote, mshauri, naapa sikuandika kwamba nimeolewa, lakini mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, akaita mtaa mzima wakala wakacheza, na picha akaitundika juu ya televisheni, kubwa kama dirisha.

Tukawa tunasema ndoa ya kweli tutafunga mwakani, mwakani ikazaa mwakani nyingine, hadi juzijuzi Fundi alipoteleza kwenye shimo la lifti akavunjika paja, nikakimbilia hospitali na aproni yangu, muuguzi wa mapokezi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" nikasema mkewe, akasema, "Cheti kiko wapi?" nikasema nimekisahau, akasema, "Basi kaa pale." Nilikaa kwenye kiti cha plastiki siku mbili, huku wakimpigia simu baba yake kule nyumbani, mzee ambaye hasikii vizuri, wakamuuliza kupitia mkalimani ni dawa gani zinamdhuru mwanawe, akajibu, "Salama, na nyie?" Mimi dawa inayomvimbisha uso naijua kwa jina, nilikuwa hatua ishirini kutoka pale, hakuna aliyeniuliza, wakampa hiyohiyo, na uso ukavimba mpaka macho yakapotea.

Alipotoka na magongo tulikwenda ofisi ya ndoa hata kabla ya kufika nyumbani, karani akatupa tarehe, tena ya karibu, maana baada ya wiki sita Fundi anapasuliwa mara ya pili. Karatasi zote tunazo isipokuwa moja, kiapo kutoka kwetu kwamba mimi sijawahi kuolewa, na anayetakiwa kuapa ni mzazi aliye hai, mwenyewe, mbele ya ofisa. Yaani mama. Baba yake Fundi aliapa cha kwake kwa siku moja, tena kwa sauti, nasikia jengo zima lilimsikia.

Fundi anasema, "Mwambie tumeachana, aape." Nikamwambia aliyeachika anadaiwa cheti cha talaka, sasa talaka ya ndoa ipi? Mjomba wangu, ambaye peke yake nimemweleza, anasema tusihangaike, atatafuta mama mwingine akaape, "kwani wamama wameisha?" Mimi nimeshika simu mara tatu nimwambie mama, kila nikianza ananiuliza, "Tumbo vipi?" maana anangoja mjukuu, nami nakata. Nikubali ya mjomba, au niseme kweli nimpoteze mama?

Ni mimi, mke asiye mke.

JIBU

Binti yangu, nimecheka, uliniruhusu. Sasa nisikilize.

Mjomba wako mshukuru, halafu usipokee simu yake mpaka ndoa ipite. Mama wa kuazima akiapa, hilo ni kosa la jela, na ofisi ya huko ikigundua, cheti chenu kitafaa kuwashia jiko. Utarudi kwenye kiti cha plastiki ukiwa na kesi juu. Fundi naye ushauri wake abaki nao kwenye lifti.

Umeandika barua ndefu ukijihurumia, lakini mtaa mzima hukuita wewe. Aliita mama. Wewe uko mbali na pasi yako. Atakayeulizwa dukani ni yeye. Kwa hiyo usianze kwa kuomba kiapo. Anza kwa kusema, "Mama, nilikudanganya." Hayo ya "sikuandika neno lolote" yaache hapo hapo. Mimi yamenichekesha, yeye hayatamchekesha.

Kisha msimulie hospitali yote, usikate hata kidogo. Mama yako alitaka ndoa ili siku moja mtu asikuulize wewe ni nani wake. Mwambie alikuwa sahihi. Sijaona mama aliyechoka kuambiwa alikuwa sahihi.

Kuhusu kiapo, huyo mama hatakiwi kudanganya chochote! Akisimama mbele ya ofisa akasema binti yangu hajaolewa, atakuwa mtu wa kwanza kwenu kusema kweli juu ya ndoa hii. Majirani awaambie nini, hilo mwachie yeye, usimpangie.

Na Fundi akae pembeni yako, magongo na yote, aombe radhi kwa mdomo wake. Koti alivaa yeye.

Tarehe ya karani usiisogeze. Piga kesho asubuhi kabla ya zamu. Akikutukana, nyamaza mpaka amalize. Akikata, piga. Akikata tena, piga tena. Aliyekukataa hapokei simu. Anayepokea ili apate kukukatia, huyo bado ni mama yako.