Jaji Mnayemuaga

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Chang'ombe tu wazima, na mguu wa babu yako umepoa.

Unauliza kwa nini sitaki kuja kumuaga jaji mnayemsifu huko ofisini kwenu. Ujanani mwangu alikuwa wakili wa baba, kwenye kesi ya shamba letu la Kolo. Siku ya kusikilizwa hakutokea.

Hakimu akauliza, "Wakili wako yuko wapi?"

"Yuko njiani, mheshimiwa. Ni mtu mwaminifu."

Tukanyang'anywa shamba. Muda si mrefu wakili akamwoa binti wa yule aliyetushtaki. Hata hivyo baba alikufa akisema, "Huenda gari lilimharibikia."

Wewe ukishindwa kwenda mahakamani, mwambie mteja wako mapema, asije akakutetea bure.

Bibi yako,
Mwanaidi