Vita Vilikuwa vya Haki, Baba. Baiskeli Je?

Baba yangu,

Kati ya sauti zote za matanga yako, iliyobaki masikioni mwangu si kilio cha Mama wala nyimbo za kwaya. Ni kicheko. Waombolezaji walicheka, Baba, watu wazima, wake kwa waume, wamekaa kwenye nyasi zilizotandikwa uani kwetu Munanila, nami nimesimama mlangoni na sinia la vikombe vya chai. Walicheka kwa kukupenda. Tangu siku ile nina hasira na wewe, na kwa kuwa walicheka hadharani, nakuandikia hadharani.

Aliyewachekesha ni mzee Filipo, uliyekwenda naye vita vya Kagera. Alisimama, akakohoa, akaanza:

"Basi tumeshavuka mto, tuko njia ya Masaka, miguu imevimba kama viazi. Tukamkuta bwana mmoja na baiskeli. Ametuletea ndizi za kupikwa, anatushukuru kwa kumfukuza nduli. Marehemu akala ndizi zake vizuri, akafuta mdomo, akamwambia, 'Mzee, teremka.' Bwana yule akaanza kulia: 'Afande, mama yangu iko mgonjwa, mimi napeleka yeye hospitali na nini?' Marehemu akamjibu: 'Mama yako si tumeshamkomboa?'"

Hapo ndipo walipocheka. "Alikuwa na maneno huyu!" akasema jirani yetu mmoja, anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Ndiye yeye kabisa!"

Mimi uliniambia baiskeli ile uliinunua Mwanza ukirudi. Uliniambia zaidi ya mara moja.

Nilikuwa darasa la kwanza ulipoondoka, na uliporudi sikukutambua. Nilitambua tu kwamba mwanamume mwembamba anaingia uani akisukuma kitu cheusi chenye taa. Ulinipandisha kwenye keria kabla hujamsalimu Mama. Miaka ile hatukuwa na sabuni wala sukari, tulifulia majani ya mpapai, na walimu walituambia tuvumilie kwa sababu nchi imetoka vitani. Nilivumilia kwa furaha. Nilikuwa mtoto wa mpiganaji, na baiskeli ilikuwa ushahidi.

Hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka sekondari Kasulu. Ulilifunga sanduku langu la bati kwa vipande vya mpira wa tairi, ukaniketisha juu yake. Tulipofika kwenye mlima nikataka kushuka. "Kaa," ukasema. "Msomi hasukumi." Ukasukuma wewe, tope jekundu likipanda hadi magotini, na katikati ya kuhema kwako ukanifundisha vita.

"Mtu akiingia shambani kwako, akasema mpaka wake ni mto, utafanya nini?"

"Nitamfukuza mpaka avuke mto."

"Na akirudi kesho?"

Nikakuna kichwa. Ukacheka mpaka ukasimama kupumzika. "Unaona? Ndiyo maana tulifika Kampala."

Somo lile nimelibeba hadi chuo kikuu. Nimewasoma wanaodai kwamba haki yetu iliishia mtoni, kwamba tulipovuka tukawa wavamizi kama aliyetuvamia. Nimebishana nao hadi sauti ikanikauka. Askari wa nduli waliingia nchini mwetu, wakasema ardhi yote hadi mto Kagera ni yao, wakaua wakulima, wakaswaga ng'ombe, wakalipua daraja. Asiyepigana hapo atapigana lini? Na ukimwacha mtu wa namna ile ng'ambo ya mto, na bunduki zake, umeahirisha vita tu. Vita vilikuwa vya haki. Nilisema hivyo jana mbele ya wanafunzi wangu hapa Kibondo, na leo nasema hivyo. Asije mtu akadhani binti ya mpiganaji amegeuka.

Hasira yangu inatoka hapo hapo. Kama vita vingekuwa vya dhuluma, baiskeli ingekuwa dhuluma ndogo ndani ya kubwa, na ningenyamaza. Lakini haki ile ilikuwa ya wale wakulima waliouawa. Nchi nzima iliibeba, ikaifungia mkanda. Haikuwa chungu chako cha kuchota kila unapotamani kitu cha mtu. Na bwana yule hakuwa adui, Baba. Alikuja na ndizi. Yeye ndiye tuliyeambiwa mmekwenda kwa ajili yake.

Alimbeba mama yake mgongoni? Walifika? Najiuliza nikiwa darasani, nikiwa nasonga ugali. Wewe hukuwahi kujiuliza?

Nadhani ulijiuliza, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Unakumbuka mwaka 1993, wakimbizi walipoanza kumiminika kutoka Burundi? Wewe ulikuwa kamanda wa mgambo wa kijiji, mimi nilikuwa likizo. Sadoki wa jirani akapita njiani na baiskeli mpya, na nyuma yake Mrundi aliyevuka asubuhi ile, anamfuata, mtoto begani. Ulitoka na shati halijafungwa vifungo.

"Mrudishie."

"Mzee, ameniuzia. Nimempa muhogo."

"Mtu anayekimbia vita hauzi kitu. Ananyang'anywa. Mrudishie, au nikuvunje mkono."

Sadoki akarudisha, ananung'unika kwamba wazee wa Kagera mna gubu. Nilikutazama, nikajiambia sitaolewa na mwanamume asiyefanana nawe. Sasa sijui nilikuwa namtazama nani. Kama ulikuwa mnafiki, heri ungeniambia. Na kama ulikuwa unatubu, kwa nini ulitubu kwa mgongo wa Sadoki? Mimi nilikuwa hapo hapo, nimesimama kando yako. Kila likizo nilikuuliza habari za vita, nikakuuliza kama mtu anayechota maji, nawe ukanipa ule uongo wa Mwanza.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, Baba Mdogo akanituma parokiani kupeleka nia ya misa, ile inayosomwa mbele ya waumini wote kabla padri hajaanza.

"Andika vizuri," akasema. "Misa ya kumwombea shujaa aliyekomboa Uganda. Wewe ndiye mwenye Kiswahili cha shule."

"Na mwenye baiskeli?"

"Mwenye baiskeli gani? Ile ilikuwa vita, mwanangu. Acha mambo ya vitabu."

Nikamwendea Mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Mimi baba yako alikuwa hawezi kunidanganya, alikuwa ananyamaza tu. Lakini uchungu wa mdogo wako uliponishika, baiskeli ile ndiyo iliyonifikisha hospitali. Ukienda kanisani useme ni ya dhambi, mimi niseme nini? Kwamba na mtoto ni wa dhambi?"

Nilikaa naye, tukachambua maharage mpaka yakaisha. Sikumwahidi kitu. Nilijua tu kwamba kila aliyefika hospitali juu ya baiskeli ile, alifika kwa zamu ya mtu mwingine, na kwamba kama nyumba yetu haitamtaja mtu huyo, hakuna nyumba nyingine hapa duniani itakayokiri kosa letu kwake.

Basi nikaandika, nikampa katekista mwenyewe mkononi. Aliisoma kimya, akaniuliza, "Umeafikiana na wenzako?" Nikamwambia aisome kama ilivyo. Jumapili akaisoma. Baba Mdogo amesema nisikanyage tena uani kwake. Mzee Filipo alitoka nje kabla ya wimbo wa kwanza. Mama alibaki kwenye benchi, akapiga magoti pamoja na wengine, na tangu hapo hajasema nami.

Pumzika, Baba. Nimekasirika, lakini pumzika. Nakuandikia maneno yale yale ili uyapate kwangu mwenyewe, usiyapate kwa watu: "Misa hii ni ya kumwombea mama mmoja wa Uganda, aliyekuwa mgonjwa wakati wa vita, ambaye hatujui jina lake wala kama alifika hospitali. Na baada yake, marehemu baba yetu."

Ni mimi,
binti yako mkubwa,
Kibondo