Jiwe Lililokosekana Leparua

Jumatatu, 6 Oktoba

Habiba, leo tena Leparua. Pikapu ilinichukua Wabera saa kumi na mbili asubuhi. Tunalisimamisha upya lile kaburi la kale lililobomoka upande mmoja. Mawe marefu yamepangwa huku na huku, katikati kijia chembamba cha kutambaa kwa magoti, mwisho wake chumba cha duara. Wazee husema waliolijenga walikuwa majitu. Mimi naona walikuwa mafundi tu. Migongo iliwauma kama wangu.

Lokwang, ninayeshika naye mtaimbo, amenicheka. "Mzee, hawa hawakuwa na simiti na bado imesimama. Na ile choo yako ya Wabera ilisimama miaka ngapi?"

Nikaushika mtaimbo tena. Mitatu.

Jumanne, 7 Oktoba

Daktari Mwende, anayeongoza kazi, ametuonyesha paa la chumba. Mawe bapa manne yapo. La tano lilichukuliwa na lori la mawe ya ujenzi, kabla eneo halijaanza kulindwa. Bila hilo mvua itaingia na ukuta utalala. Kila jiwe la paa lina vishimo saba ukingoni, mstari mmoja, vimegongwa kwa mkono.

Nilikaa chini. Nikawaambia ni jua.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeomba ruhusa, nikaenda makaburini. Nimepitisha kidole kwenye jiwe lililo kichwani pako. Saba.

Wiki uliyofariki, lori lilikuwa limemwaga mawe ya msingi uani kwetu. Hili lilikuwa zuri kuliko yote. Vishimo nilidhani ni kazi ya maji. Nililibeba mwenyewe na shemeji zako. Ndicho kitu pekee nilichokufanyia siku ile bila kutetemeka.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari ameamua tumwage zege pahali pa jiwe lililopotea. Simiti inakuja Jumatatu. Fundi wa kumwaga ni mimi. Nikinyamaza, basi. Hakuna anayejua.

Mchana walipika wali. Nimekumbuka ulivyokuwa ukichambua mchele mlangoni, changarawe unanitupia miguuni. "Fundi, kazi yako hii." Sikumaliza sahani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia Zeinab. Binti yetu amelia, kisha akakasirika. "Baba, mwache Mama alale. Hao wa zamani hawana mtu wa kuwalilia. Mama ako na sisi."

Neno hilo limenikaa kifuani. Nao walikuwa na mtu. Mtu aliketi juani akagonga vishimo saba, hakuacha hata kimoja.

Baada ya adhuhuri nimemuuliza imamu. Amesema kaburi linataka alama tu ya kulijua, jiwe lolote linatosha. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu kidogo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemweleza Daktari kabla mifuko ya simiti haijashushwa. Alivua kofia. Aliuliza kama nina hakika, na kama watoto wamekubali. Nilisema ninaye mmoja, na bado hasemi nami.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumelitoa jiwe. Imamu alikuwepo. Zeinab alikuja bila kuitwa, akashika upande wake mpaka likaingia kwenye pikapu. Kisha akasema, "Polepole, Baba. Mgongo."

Alhamisi, 16 Oktoba

Daktari alikataa winchi. Tumejaza udongo kwa nje mpaka usawa wa ukuta, tukalaza magogo, tukalivuta kwa kamba. Watu tisa, kutoka asubuhi mpaka alasiri. Lokwang hakufanya mzaha. Lilipokaa lilitoa sauti moja, nzito, kama mlango. Halikutaka hata kabari moja.

Nilitambaa ndani peke yangu. Baridi. Giza zuri. Niligusa paa juu yangu. Sikuogopa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Daktari amepiga simu kusema chumba ni kikavu.

Jioni nimekuja kwako. Udongo ulikuwa umeshuka kidogo, nimeongeza kwa mikono. Nimekuwekea jiwe la mtoni, la kawaida, ukubwa wa mkate. Hili hakuna atakayekuja kulidai.

Huko uliko, Habiba, nikumbuke.